Nani Ameshika Ufunguo wa Kamera?

Mtu ye yote apitaye siku hizi katika mji wa Tukuyu, au katika vituo vya biashara kama Kiwira na Ushirika, ataona kitu ambacho zamani hakikuwako: jicho dogo jeusi lililotundikwa chini ya upenu wa duka, au juu ya mlango wa ghala la mbolea, au penye kona ya ua ambamo malori ya ndizi na parachichi hupakiwa. Hiyo ndiyo kamera ya mtandao. Haihitaji mtu wa kukaa nyuma yake, wala waya mrefu wa kuiunganisha na televisheni. Hurusha picha zake hewani kwa ile njia ambayo wazee wetu, walipoiona mara ya kwanza katika redio, waliiita simu ya upepo. Picha hufika kwenye ruta iliyomo dukani, na kutoka hapo huenda mpaka kwenye simu ya mwenye mali, awe yuko Mbeya, Dar es Salaam au Muscat.

Sisi hatuwapingi wanaonunua kamera hizi. Mkulima aliyepeleka chai yake, na mwanachama wa ushirika ambaye mbolea yake imo ghalani, wana haki ya kujua ni nani aingiaye humo usiku. Tunalouliza ni jambo jingine, na twadhani ni la maana kuliko bei ya kamera yenyewe: je, picha hizo zaonekana na nani? Maana kamera ya mtandao ni mlango. Isipofungwa sawasawa, humwonyesha mwenye mali ghala lake, na papo hapo humwonyesha mtu asiyejulikana saa ambayo mlinzi husinzia, siku ambayo mzigo mpya umeingia, na dada wa dukani anayebaki peke yake jioni akihesabu fedha. Mwizi wa zamani alilazimika kuja kupeleleza kwa miguu, na watu walimwona na kumtilia shaka. Huyu wa leo hupeleleza akiwa amelala kitandani.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya miji mikubwa ya Ulaya, na kwamba hakuna mtu wa kuhangaika na duka la Tukuyu. Twawajibu kwa kisa cha kweli. Katika mwaka 2016 ilizuka programu mbaya iliyoitwa Mirai. Programu hiyo haikuchagua nchi wala tajiri; ilizunguka katika mtandao wa dunia nzima ikigonga milango ya kamera, ruta na vifaa vya kurekodia picha, na kujaribu majina na maneno ya siri yapata 60 tu, yale yale ambayo viwanda huyaweka kabla ya kuuza: admin na admin, root na 123456, na mengine ya namna hiyo. Kwa silaha hafifu kama hiyo iliteka vifaa ambavyo katika kilele chake vilifikia yapata 600,000. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Marekani iitwayo Dyn, na kwa muda wa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Waliotunga programu hiyo walikuwa vijana watatu wa Kimarekani, nao walikiri makosa yao mahakamani mwezi Desemba 2017.

Na Afrika haikupona. Katika mwaka huo huo wa 2016 Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa na mtu wa kampuni shindani ili aishambulie kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Jeshi alilolitumia lilikuwa la kamera za ulinzi zilizotekwa, mali ya watu wasiokuwa na habari yo yote. Huduma ya intaneti ya wateja wa Liberia ilivurugika. Mwezi Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka 2 na miezi 8. Wenye kamera hizo hawakupata kujua kwamba vitu walivyovinunua kulinda nyumba zao vilikuwa vikienda vitani usiku na kurudi asubuhi.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya kupanda ngazi na kutoboa ukuta, ni kubadilisha jina na neno la siri ambalo kamera imetoka nalo kiwandani. Neno hilo mara nyingi limeandikwa katika karatasi iliyogandishwa chini ya kamera, na pia juu ya kasha lake. Kwa hiyo kasha lisitupwe jalalani likiwa na karatasi hiyo. Kamera zilizotengenezwa karibuni hukataa kufanya kazi mpaka mwenyewe aandike neno jipya, na Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imekataza kwa sheria kuuza vifaa vya namna hii vyenye neno moja rahisi kwa wote. Lakini katika maduka yetu bado zipo za zamani, na zipo zilizokwisha tumiwa na wengine. Kamera iliyonunuliwa mkononi kwa mtu yafaa irudishwe kwanza katika hali yake ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitufe kidogo kilichofichwa kwenye tundu, mpaka iwake upya. Baada ya hapo itafutwe programu mpya ya ndani ya kamera kutoka kwa kiwanda kilichoitengeneza, kwani kasoro nyingi zilizokwisha kugunduliwa hurekebishwa humo. Kiwanda kilichoacha kutoa marekebisho kwa kamera fulani kimeiacha yatima, na kamera hiyo haifai kuwekwa mahali penye siri.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo katika wilaya yetu, na katika wilaya nyingi za Tanzania, ni kubwa kuliko mengine yote. Nalo ni fundi.

Mambo huwa hivi. Mwenyekiti wa chama cha msingi, au mwenye duka, humwita fundi kutoka mjini. Fundi hufunga kamera, halafu hutoa simu yake mwenyewe mfukoni, huipiga picha ile alama ya mraba iliyo kwenye kamera, na kujiandikisha kwa barua pepe yake na namba yake. Kisha huwagawia wenye mali nafasi ya kutazama. Wote hufurahi, picha zaonekana, fundi hulipwa na kwenda zake. Lakini mbele ya kamera mwenye mali ni yule fundi. Hao wengine ni wageni waliokaribishwa. Aweza kuwafungia nje siku atakayopenda. Aweza kutazama ghala lao akiwa chumbani mwake. Na akiibiwa simu hiyo stendi, au akiiuza bila kuifuta, aliyeipata hupata na ghala la watu ndani yake. Hatusemi kwamba mafundi ni wezi. Wengi wao ni vijana wachapa kazi, nao hufanya hivyo kwa kuwa ni njia ya haraka, tena mteja mwenyewe humwambia, "Wewe fanya tu, mimi sijui mambo hayo." Lakini ni nani kati yetu awezaye kumwambia fundi wa milango, "Funga kitasa, kisha ufunguo mkubwa kaa nao wewe"?

Mpango ulio sawa si mgumu. Ifunguliwe barua pepe ya chama au ya duka, isiwe ya mtu. Kamera iandikishwe kwa barua pepe hiyo, katika simu ya kiongozi mwenye dhamana, naye aandike neno la siri kwa mkono wake wakati fundi anatazama pembeni. Ikiwa programu ina ulinzi wa hatua mbili, yaani ule wa kuuliza pia namba itumwayo kwa simu, uwashwe. Kama fundi anahitaji kuingia ili kurekebisha, apewe nafasi ya muda, na kazi ikiisha nafasi hiyo ifutwe mbele yake, bila haya na bila ugomvi. Na pale ambapo viongozi hubadilishwa kwa kura, neno la siri la kamera liingizwe katika orodha ya vitu vya kukabidhiana, pamoja na mihuri, vitabu vya fedha na funguo za ghala. Na siku hiyo hiyo aliyepokea alibadilishe. Twajua vyama ambavyo kufuli za ghala hubadilishwa mara tu uongozi mpya unapoingia. Kufuli ya kamera haionekani kwa macho, ndiyo maana husahaulika.

Kamera ikisha kuwa na neno lake, bado iko njia yenyewe ya upepo. Mawimbi ya waifai hayajui mpaka wa kiwanja. Hupita ukutani, huvuka barabara, na mtu aliyeketi katika kibanda cha chipsi jirani aweza kuyanasa kwa simu au kompyuta yake. Kwa hiyo maneno na picha zinazosafiri humo hufumbwa, kama vile watu wawili wanaozungumza kwa mafumbo mbele ya watoto. Namna ya kufumba ndiyo huchaguliwa katika ruta, nayo imepata kubadilika mara kadhaa. Ile ya kwanza, WEP, ilitolewa mwaka 1997, na mwaka 2001 wataalamu walikwisha onyesha jinsi ya kuivunja. Leo huvunjwa kwa dakika chache. Ikafuata WPA mwaka 2003, ambayo ilikuwa kiraka cha muda, kisha WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Ushauri wetu ni huu: kama ruta na kamera zote mbili zaijua WPA3, ichaguliwe hiyo, kama sivyo, ichaguliwe WPA2 yenye alama ya AES. WEP isichaguliwe kabisa, na kamera isiyojua namna nyingine ila WEP isitundikwe po pote. Na ule mtandao ulioachwa wazi bila neno lo lote, ati kwa ukarimu kwa wateja, usichanganywe kamwe na kamera.

Hata hivyo WPA2 yenyewe ni imara kwa kadiri ya neno la siri linalowekwa. Herufi chache kabisa zinazokubaliwa ni 8, na watu wengi hukomea hapo hapo. Wengi huweka namba ya simu ya duka, ile ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango! Hata ambayo haikuandikwa ni dhaifu, maana namba zetu huanza kwa tarakimu tatu zinazojulikana za kila kampuni ya simu, zikabaki 7 tu za kubahatisha, yaani namna milioni 10. Kwa binadamu ni nyingi. Kwa kompyuta yenye nguvu, iliyokwisha nasa salamu za mwanzo kati ya kamera na ruta, ni kazi ya dakika chache. Wengine huweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Na hapa Tukuyu, tuseme kweli, mwenye nia mbaya angeanza kwa kujaribu jina la Tukuyu Stars likifuatwa na 1986, mwaka ule timu yetu ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara; pengine asingehitaji kujaribu la pili. Mapenzi ya mpira ni mazuri, lakini yasifanywe kitasa.

Neno lililo bora ni refu, nalo si lazima liwe gumu kulikumbuka. Yachukuliwe maneno manne au matano yasiyohusiana hata kidogo, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kinyakyusa, yaunganishwe, na kati yake iwekwe namba isiyo ya mwaka wo wote. Yasiwe methali wala maneno ya wimbo, kwani hayo hujulikana na wote. Neno la waifai liwe moja na neno la kamera liwe jingine, ili aliyepata moja asipate vyote. Na la tatu ni la ruta yenyewe, ambalo watu wengi hawajui hata kama lipo: ruta nayo hutoka kiwandani na jina na neno lake, na aliyeingia humo ni bwana wa vyote.

Katika ruta kuna kitu kingine cha kuzimwa. Huitwa WPS. Kilitengenezwa ili mtu aunge kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya tarakimu 8, bila kusumbuka na neno refu. Mwisho wa mwaka 2011 iligunduliwa kwamba namba hiyo hukaguliwa kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha tu hesabu, hivi kwamba anayebahatisha hahitaji majaribio milioni 100 bali 11,000 tu. Kwa mtu aliye na siku moja ya kupoteza, hicho ni kitu kidogo. Mlango wa mbele umewekewa chuma na mlango wa uani umefungwa kwa kamba ya mgomba! Hali kadhalika yafaa kuzima ule uwezo uitwao UPnP, ambao huiruhusu kamera kujifungulia yenyewe njia ya kutoka nje bila kumwuliza mtu. Na kama ruta ina mtandao wa wageni, kamera ziwekwe huko peke yake, mbali na kompyuta yenye hesabu za chama, ili kamera moja ikitekwa isiwe ngazi ya kupandia kwenye vitabu vya fedha.

Kuhusu anwani, tutasema machache. Kila kifaa katika mtandao hupewa namba yake na ruta, mfano wa namba ya nyumba. Ruta ikizimika na kuwaka, aghalabu hugawa namba upya, na kamera iliyokuwa nyumba ya kumi hujikuta nyumba ya kumi na tano. Kifaa cha kurekodia kikaenda kuigonga nyumba ya zamani na kukuta haina mtu. Katika wilaya ambayo umeme hukatika, jambo hili si dogo. Dawa yake ni kuiagiza ruta iihifadhie kamera namba moja ya kudumu, na namba hiyo iandikwe katika daftari.

Rungwe ina shida zake ambazo vitabu vya maelezo, vilivyoandikwa kwa nyumba za mbao za Ulaya, havizitaji. Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na maji ni adui wa mawimbi ya waifai. Kamera iliyofungwa wakati wa kiangazi ng'ambo ya shamba la migomba yaweza kuonyesha picha safi, kisha masika yakifika, majani mapana yakalowa, picha ikakatika katika saa zile zile za giza na mvua ambazo wezi huzipenda. Bati nalo hurudisha mawimbi nyuma kama ngao. Ruta iliyo ndani ya ghala la mabati haitoi sauti nzuri nje. Kwa hiyo ruta iwekwe karibu na kamera, tena juu, na njia itazamwe isiwe na bati wala majani. Kati ya masafa mawili ya waifai, lile la 2.4 huenda mbali na kupenya zaidi kuliko la 5, na kamera nyingi za bei nafuu hulijua hilo peke yake. Fundi akilalamika kwamba kamera "haiuoni" mtandao, mara nyingi ni kwa sababu ruta inaita kwa 5.

Mahali penye mali nyingi sisi twashauri waya. Kamera ya upepo yaweza kuzibwa masikio na mtu mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi, na picha ikapotea bila mlango kuguswa. Waya hauzibwi hivyo, na waya mmoja waweza kupeleka umeme na picha pamoja. Lakini waya uliopita nje, katika nchi yenye radi kama hii yetu, huleta radi mpaka ndani. Basi upite ndani ya bomba, uwe mfupi kadiri iwezekanavyo, na uwekwe kizuizi cha radi chenye waya wa ardhini. Na betri ya kushikilia umeme iwekwe kwa kamera na ruta pia. Tumewahi kuona mahali ambapo kamera ina betri na ruta haina. Umeme ukikatika, kamera huendelea kupiga kelele na hakuna wa kuisikia.

Yako pia mambo ya bando. Kamera inayorusha picha kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, ambao si mwendo mkubwa, hula megabaiti 450 kwa saa moja, yaani zaidi ya gigabaiti 10 kwa siku. Chama kinachotumia ruta ya laini ya simu kitamaliza bando la mwezi katika siku chache, kisha kamera itakaa kimya na hapana atakayejua mpaka siku ya wizi. Kwa hiyo kamera iagizwe kuweka picha katika kadi yake, na kutuma nje zile tu za wakati kitu kinapojongea mlangoni. Kadi ya gigabaiti 128 kwa mwendo huo huchukua siku 11 hivi, kisha huanza kufuta za zamani. Tena kadi hiyo imo ndani ya kamera, na mwizi mwerevu huondoka na kamera. Ndiyo maana kamera itundikwe juu mkono usikofika, na nakala ya picha za mlangoni iwe mahali pengine.

Picha zinazotumwa nje hupitia kwa kampuni iliyotengeneza kamera, ambayo mara nyingi mitambo yake iko ng'ambo. Mwezi Machi 2021 wavamizi walipata jina na neno la siri la msimamizi mkuu wa kampuni ya Marekani ya Verkada, lililokuwa limeachwa wazi katika mtandao, wakaweza kutazama kamera zipatazo 150,000 za hospitali, shule, magereza na viwanda. Wenye kamera hizo hawakuwa na kosa. Kwa hiyo mahali ambapo picha haifai kuonekana na mtu wa nje kwa vyo vyote, uwezo wa kutuma nje uzimwe kabisa.

Tumebakiza saa, jambo ambalo wengi huliona dogo, nasi twaliona linaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa ya China, ambayo iko mbele ya saa yetu kwa saa tano. Tuchukue mfano wa wizi unaotokea saa nane usiku. Kamera isiyorekebishwa itaandika juu ya picha 07:00, nasi tutasoma saa moja asubuhi. Na ni nani afikaye kazini saa moja asubuhi? Ni mfagizi. Picha ya gizani haionyeshi uso, bali huonyesha mtu na saa. Na mfanyakazi huyo, ambaye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na asiye na wa kumtetea, ataitwa ajieleze. Basi kamera iwekwe katika saa ya Afrika Mashariki, yenye alama ya +3, na iagizwe kuchukua saa kutoka katika mtandao ili isipotee umeme unapokatika. Ziko kamera ambazo zikizimika kwa muda mrefu huamka zikidhani ni mwaka 1970. Kila mwezi mtu mmoja alinganishe saa ya kamera na ya simu yake, aandike katika daftari na kutia sahihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huitaka mahakama, inapopima ushahidi wa namna hii, itazame jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Daftari hilo litazungumza mahakamani.

Mfanyakazi anahusika kwa njia nyingine pia. Picha ya mtu ni mali yake hata anapokuwa kazini kwa mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo yataka anayekusanya taarifa za watu ajiandikishe kwa Tume, awe na sababu halali iliyo wazi, asizitumie kwa jambo jingine, wala asizikalie kuliko inavyohitajika. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia katika mtambo wa mwingine bila ruhusa, awe mgeni wa mbali au fundi aliyekwisha lipwa na kuondoka.

Kwa hiyo kamera itazame mlango, mizani, kaunta na rundo la mifuko. Isitazame chumba cha kubadilishia nguo, wala choo, wala pale wafanyakazi wanapokula na kuzungumza mambo yao. Kamera nyingi zina kipaza sauti ambacho huwa kimewashwa tangu kiwandani. Kizimwe, kwani mwizi hakamatwi kwa mazungumzo ya wachuma chai kuhusu ujira wao. Waruhusiwe kutazama watu wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, na orodha yao ibandikwe ofisini. Na mlangoni kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye herufi kubwa, kisemacho kwamba mahali hapa pana kamera, imewekwa kwa ajili gani, picha hukaa siku ngapi, na mwenye swali amwone nani.